Somo: Seli zilezile, nyavu tofauti

Mkulima wa Kibosho akipanda mibuni kwa mraba, kila mche una majirani wanne wa karibu. Akipanda kwa pembetatu, wanakuwa sita. Leo tunaiga kwa kompyuta jinsi seli hai zinavyojipanga zenyewe. Wavu wa vijumba tunaozichorea ni vivyo hivyo, na ukikosa umakini utadhani tabia ya wavu ni tabia ya seli.

Hatua ya 1. Kwa NumPy (maktaba ya hesabu ya lugha ya Python), tengeneza jedwali la 100 kwa 100. Kila kijumba kibebe namba ya seli yake. 0 ni majimaji ya nje. Seli moja iwe na vijumba 40 hivi. Changanya seli nyeusi na nyeupe kwenye bonge moja.

Hatua ya 2. Panga bei za mipaka. Njia hii ni modeli ya Potts, yaani wavu ambao kila mpaka kati ya vijumba vya namba tofauti una bei yake, ambayo François Graner na James Glazier waliitumia kwa seli mwaka 1992. Nyeusi kwa nyeusi 2, nyeusi kwa nyeupe 11, nyeupe kwa nyeupe 14, seli yoyote kwa majimaji 16. Bei ndogo maana yake zinanatana zaidi. Ongeza adhabu ya ukubwa kwa kila seli: (vijumba vya sasa − 40)². Jumla ya bei na adhabu ndiyo nishati.

Hatua ya 3. Chagua kijumba kwa bahati nasibu, ujaribu kunakili namba ya jirani yake mmoja. Nishati isipoongezeka, kubali. Ikiongezeka kwa D, kubali kwa uwezekano wa e^(−D/T), T (kiwango cha mtikisiko wa seli) ikiwa 10. Rudia mara nyingi sana: nyeusi hujikusanya katikati, nyeupe huzizunguka.

Hatua ya 4. Sasa badilisha wavu. Hapa ndipo penye utamu. Kwa majirani 4, seli hupata kona kama tofali, kwa kuwa mpaka wa mshazari unagharimu asilimia 41 zaidi ya ulionyooka. Kwa wavu wa pembe sita, wenye majirani 6, tofauti hushuka hadi asilimia 15. Lakini mraba wenye majirani 8 una kama 12 tu! Kwa hiyo msikubali haraka kwamba pembe sita hushinda daima.

Pembe sita hazihitaji jedwali jipya: safu za witiri zihesabu kama zimesogea nusu kijumba kulia. Ukiunganisha kingo za juu na chini, idadi ya safu iwe shufwa. Mimi niliweka 101, nikamaliza jioni nzima natafuta kwa nini seli zinakatika kwenye mstari uleule.

Maswali

*Mwanachama, Njiro:* Shikamoo mwalimu. Nimetoka majirani 8 kwenda pembe sita, seli zinameguka vipande.

Marahaba. Majirani wamepungua, basi mipaka imekuwa rahisi kuvunjika kwa T ileile. Shusha T hadi 7 hivi.

*Mwanachama, Majengo:* Yangu inatambaa, na laptop inaishiwa chaji.

Usihesabu nishati ya jedwali zima, dada. Hesabu ya kijumba kinachobadilika na majirani zake tu, na uhifadhi kila mizunguko 100.

*Mwanachama, Njiro:* Imekubali, asante. Nyeusi zimekwenda katikati kwenye nyavu zote mbili.

Hayo ni matokeo ya bei za kunatana, yaandike kwenye ripoti. Kona za tofali usiziandike kuwa ni za seli.