Kabla hujajaza fomu ya duka la mtandaoni Uganda

Duka likikuomba jina, namba ya simu na mahali pa kuletewa mzigo, toa. Bila hivyo bodaboda hatakufikia. Likitaka picha ya kitambulisho cha taifa ili likuuzie jozi ya viatu, ishia hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja. Nalitanguliza hili kwa sababu picha hiyo ikishafika kwenye simu ya mtu usiyemjua, hutajua tena imeenda wapi.

Sheria hiyohiyo inataka uelezwe mapema nani anakusanya taarifa zako na anwani yake, anazitakia nini, zipi ni za lazima na zipi za hiari, na nani mwingine atapewa. Mara nyingi maelezo hayo yamo kwenye sera ya faragha, chini kabisa ya ukurasa. Kama huna muda, soma walau sehemu ya watakaopewa. Mwaka 2021 NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya taifa, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu SafeBoda, kampuni ya kuita bodaboda kwa simu: ilikuta taarifa za wateja zimepelekwa kwa kampuni nyingine, CleverTap, bila wateja kuelezwa ipasavyo. Waliotaka usafiri tu hawakuwa na namna ya kulijua hilo.

Anayeuza kwa WhatsApp huenda hana sera yoyote, lakini naye sheria inamhusu. Muulize waziwazi namba yako ataitumiaje baada ya mzigo kufika. Akikwepa swali, tafuta muuzaji mwingine.

Angalia pia kisanduku cha kukubali matangazo. Kikiwa kimewekwa alama tayari, iondoe. Hata kama ulikubali zamani, una haki ya kumwandikia muuzaji aache kukutumia matangazo.

Taarifa za fedha na za afya ziko kwenye kundi maalumu lenye ulinzi mkali zaidi, kwa hiyo anayenunua dawa mtandaoni awe mwangalifu maradufu. PIN ya pesa za simu haimhusu muuzaji yeyote, wala mpeleka mizigo. Na mtoto asijiandikishe dukani mwenyewe: taarifa zake zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kabla ya kulipa, piga picha ya skrini ya fomu, ya sera na ya mazungumzo yenu. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, ina rejista ya wanaokusanya taarifa, nawe unaweza kuangalia kama duka limo. Taarifa zikivuja, duka linapaswa kuijulisha ofisi hiyo mara moja. Ukiumizwa, peleka malalamiko huko pamoja na picha zako. Fidia unaweza kuidai mahakamani.