SOMO: Kuchagua sinki la choo linalosukuma vizuri na lisiloziba ovyo

Wakuu, wiki hii nimepigiwa simu tatu za "ninunue choo gani". Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Angalia bomba lako linatokea sakafuni au ukutani. La sakafuni, chukua sinki la S (tundu lake la kutolea linaangalia chini). La ukutani, la P (linaangalia nyuma).

2. Pima kabla ya kwenda dukani. Hapa ndipo nilipoungua. Nilipenda sinki la kipande kimoja, linang'aa kama gari la harusi. Kufika nyumbani, linataka tundu liwe sm 30 kutoka ukutani. Langu liko sm 20. Fundi akasema "bosi, hiyo ndogo", akachomeka kipande cha mpira cha kuhamishia tundu. Juu kinaanzia hapa, chini kinatokea kule, katikati njia imekuwa bapa. Wiki ya pili likaziba. Nikazibua, likaziba. Mwishowe tukavunja malumalu mapya, tukakuta kwenye ule ubapa bonge la karatasi, nywele na vijiti vya pamba.
Kwa hiyo: pima toka ukutani hadi KATIKATI ya tundu, sio ukingoni. Kama ukuta bado haujapigwa plasta na malumalu, toa sm 3 hivi. Vipimo visipolingana, badilisha sinki. Fundi akikwambia "litakaa tu", mwambie akae yeye.

3. Yapo ya kunyonya na ya kusukuma. La kunyonya lina maji mengi bakulini na kelele kidogo, ila shingo lake (njia ya kutolea uchafu) ni jembamba, sm 5 hivi, na lina kona nyingi. La kusukuma lina kidimbwi kidogo, linapiga kelele, na brashi utaitumia zaidi. Lakini njia yake ni fupi na pana. Nyumba yenye watoto na wageni, chukua la kusukuma.

4. Ingiza mkono shingoni (ni jipya, usione kinyaa). Ndani pawe laini kama sahani. Pakikwaruza kama tofali, liache hapo hapo.

5. Chukua la vitufe viwili vya kuflashi: lita 3 kwa haja ndogo, lita 6 kwa haja kubwa. Uliza vipuri kabla ya kulipa.

6. Bomba la kutolea uchafu liwe inchi 4, mteremko sm 2.5 kwa kila mita.

MASWALI

— Mkuu choo changu kinaziba, ninunue kipi?

Cha sakafuni au ukutani? Umepima? Anza namba 1.

— Sijapima ila fundi anajua.

Basi muulize fundi.

— Simtanki yangu iko chini, maji yanakuja kwa unyonge. Si litasukuma vibaya?

Hapana dada. Kinachosukuma ni maji yaliyokwisha kujaa kwenye tenki la choo, yanashuka kwa uzito wake. Presha ndogo itakuchelewesha kujaza tu. Msongamano utauona asubuhi watoto wakienda shule.

— Kwa nini maji yakikatika, ndoo moja inafanya kazi, lakini kopo kopo hata kumi hayasaidii?

Swali zuri hili. Maji yakija polepole yanapanda kidogo yanamwagikia upande wa pili, uchafu unabaki. Yakija mengi kwa mkupuo yanaubeba mzigo wote kuuvusha kona. Ndoo ijae nusu, mimina kwa kasi ukilenga tundu. Ukisita umerudi kwenye kopo.

— Umepiga vita ya kunyonya kwa sababu yako liliziba. Kosa lilikuwa la fundi.

Kosa lilikuwa langu, sikupima. Shingo jembamba ni jembamba hata bila fundi. Kama unaishi peke yako, linunue.

— Mimi nimebadilisha sinki mara mbili, bado linaziba.

Fungua chemba ya kwanza nje, mtu amwage ndoo ya maji chooni. Maji yakija kwa kusuasua, tatizo lipo kati ya choo na chemba. Chemba ikiwa imejaa, tatizo liko mbele, na sinki la tatu halitakusaidia. Na wipesi za mtoto ziende kwenye ndoo ya taka, hata kama pakiti inasema zinaflashika.

— Madoa ya maji ya kisima yanatokaje?

Siki nyeupe, ilaze usiku. Usimwage asidi ya betri.