Jinsi ya kupima wazo jipya la gemu kabla halijakumalizia akiba

Gemu moja ya kampuni kubwa hula mamilioni ya dola na miaka kadhaa, ndiyo maana kampuni hizo hushikilia kilichokwisha kuuzika: sehemu ya pili, ya tatu, ya nne. Mawazo mageni huletwa na watengenezaji wadogo. Stardew Valley ya mwaka 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone. Celeste ilianza kama kigemu kilichoundwa kwa siku 4. Kampuni changa ina nguvu moja: inaweza kukosea kwa gharama ndogo, ikaanza upya Jumatatu.

Andika wazo kwa sentensi moja inayosema mchezaji anafanya nini. "Gemu ya Zanzibar ya kale" ni mandhari tu. "Unasambaza kete, na shimo likijaa linamwagikia la jirani" ni wazo, na unaweza kulijaribu leo jioni kwa ubao wa bao na kete zake 64, kabla ya kuwasha kompyuta. Likichosha mezani, litachosha na kwenye skrini.

Likipita hapo, lipe siku 14 kwenye Godot, programu ya bure ya kuundia gemu isiyodai mrabaha. Tumia miraba na duara pekee. Ukishachora mhusika mzuri, utaona uchungu kulitupa wazo bovu kwa sababu yake.

Sasa shughulikia vidole vya mchezaji. Hapa ndipo gemu nyingi za wanaoanza hufia. Chukua kuruka. Mtu anakimbia hadi ukingoni, anabonyeza akiwa amechelewa kidogo sana, anatumbukia. Yeye anaamini amebonyeza kwa wakati, kwa hiyo anailaumu gemu. Mruhusu aruke hata kama mguu umeshaacha ukingo kwa sekunde 0.1, yaani fremu (picha zinazofuatana kwenye skrini) 6 katika gemu ya fremu 60 kwa sekunde. Muda huo upime kwa sekunde, usihesabu fremu: simu ya bei nafuu ikishuka hadi fremu 30, fremu 6 zinakuwa sekunde 0.2 na kuruka kunaonekana kama miujiza. Vilevile, aliyebonyeza sekunde 0.1 kabla ya kutua, aruke pindi anapogusa chini.

Tafuta watu 5 wasio ndugu wala rafiki. Mpe mmoja mmoja simu, kisha nyamaza kabisa. Ukieleza, umeharibu jaribio. Andika kila mmoja amekwama wapi na dakika ya ngapi. Watatu wakikwama mahali pamoja, rekebisha hapo. Asipotokea hata mmoja anayeomba kurudia, achana na wazo hilo bila huruma.

Kutoa gemu kwenye itch.io, tovuti ya gemu za watengenezaji wadogo, ni bure. Google Play ni dola 25, mara moja tu, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Sajili 20, maana wapo watakaojitoa katikati.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, na hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Ukishalipa, unasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kutoa gemu. Fungua ukurasa wake miezi kadhaa mapema: walioiweka kwenye orodha ya matamanio hutumiwa barua pepe siku inapotoka, na ukurasa uliofunguliwa wiki mbili tu kabla hauna wa kumwandikia.