Ubani wa Nini? Maelekezo ya Muuza Duka Darajani

Mteja akiingia dukani na kusema "nipe ubani wa elfu tano", mama yangu hakuwa akishika mizani. Aliuliza kwanza: "Wa nini, mwanangu?" Wa kutafuna, wa nguo, wa mtungi, wa hitima, au wa mzazi aliyetoka kujifungua? Sasa mama amepumzika, duka ni langu, na swali ni lile lile. Mabibi harusi wa siku hizi hulishangaa. Wamezoea vijiti vya kuchoma vya pakiti, na kwao moshi ni moshi. Kwa hiyo nimeona niandike mara moja, nipunguze kurudia.

Kabla hujanunua chochote, ufanye mtihani wa bilauri. Tia maji, tumbukiza punje, ilaze mpaka asubuhi. Gundi ya mgunga utaikuta imeyeyuka, maji yamekuwa mazito yananata. Hiyo si ya kufukiza, ukiitia motoni inaungua tu kama ukoko. Ubani na manemane, ambayo ni utomvu mchungu wa mti mwingine, vina gundi ndani yake, kwa hiyo maji ya ubani huwa meupe kama tui la pili, ya manemane huwa na rangi ya chai iliyopauka, lakini punje yenyewe haiishi. Sandarusi, utomvu mgumu wa mti wa pwani yetu, haifanyi lolote. Utaitoa kama ulivyoitia, mithili ya kokoto.

Ubani tunaousifia sisi Unguja ni wa Dhofar, kusini ya Oman, na wengi wetu tuna shangazi au binamu kule wa kumtuma. Mti wake ni mfupi, gome lake linabanduka kama karatasi. Wavunaji hukwangua gome kwa chuma wanachokiita manqaf, utomvu hutoka mweupe kama maziwa, wakaacha wiki mbili hivi ukauke. Ule wa kwanza hausifiwi. Hukwangua tena pale pale, na wa mikwanguo ya baadaye ndio mzuri. Ubora wa juu huitwa hojari: uinue kwenye mwanga, uone weupe wenye kijanishi au unjano wa ndimu, mwanga ukipenya. Ule uliofifia na wenye vumbi la magome si mbaya, ila bei yake isiwe ya hojari. Sisi wenye maduka tunajua hilo, usituonee haya kutubishia.

Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa. Dalali mmoja aliniletea kilo tatu zinang'aa kama kioo, rahisi ajabu, na tamaa ikanifumba macho. Mteja wangu wa kwanza akaupeleka kwenye hitima ya mumewe. Kesho yake akaja, akauweka mfuko juu ya meza bila salamu. Kumbe ulichanganywa na utomvu wa msonobari, na nyumba nzima ilinuka tapentaini kama karakana ya rangi. Nilimrudishia fedha na nikatoa ubani mara ya pili, maana kwetu neno hilo hilo ndilo la mchango wa msibani. Tangu siku hiyo sinunui bila kuchoma punje mbele ya muuzaji. Wa msonobari unayeyuka mara moja, unatoa moshi mweusi, na pua inajua.

Tuje kwenye kufukiza, ambako ndiko watu wengi huharibu mali nzuri.

Chetezo, yaani chombo cha kufukizia, kiwe cha udongo. Kijaze majivu au mchanga mpaka nusu, kisije kikapasuka wala kuunguza mkeka. Makaa ya vifuu ndiyo ninayoyapenda: hayana harufu yao wenyewe. Washa nje, si chumbani, ungoje mpaka kaa livae koti la jivu na wekundu ubaki ndani. Hapo ndipo watu wanapokosa subira. Ubani ukiutia juu ya kaa jekundu tupu, unachemka, unawaka, na unachopata ni harufu ya kuungua. Nyunyiza jivu kidogo juu ya kaa, kisha weka punje moja ya ukubwa wa mbaazi. Moja! Mama alikuwa anasema aliyemwaga kiganja kizima hajui bei yake. Moshi mzuri ni mweupe, mwembamba, unapanda taratibu, na harufu ya mwanzo ina undimundimu. Baada ya dakika kumi hivi, punje ikianza kuwa nyeusi, iondoe kwa koleo dogo uweke nyingine. Ile nyeusi imeshatoa kilichokuwamo.

Dirisha liwe wazi. Hili sisemi kwa utani: makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua bila harufu. Kwa mama mzazi na mtoto mchanga mimi nashauri ufukize chumba wao wakiwa nje, moshi ukishatulia ndio waingie. Bibi zetu walimfukiza mzazi mwenyewe, najua, na watanisema. Lakini kifua cha mtoto ni kidogo, na mwenye pumu usimkaribishe kabisa.

Nguo hutaka tenga la fito lililopinduliwa juu ya chetezo. Tandaza nguo ikiwa na unyevu kidogo, kwani moshi hushika zaidi kuliko kwenye nguo kavu, uigeuze baada ya dakika saba au nane. Pamba na hariri, sawa. Buibui la nailoni usithubutu, cheche moja tu limetoboka. Na usiondoke kwenda kupokea simu.

Mtungi ni rahisi kuliko vyote na watu wameusahau. Uwe wa udongo, mkavu, umeoshwa bila sabuni. Upindue mdomo juu ya moshi wa ubani mpaka ujae, uufunike kwa kiganja, kisha utie maji papo hapo. Kunywa asubuhi. Ndoo ya plastiki haitakupa ladha hiyo hata uifukize wiki nzima.

Wa kutafuna ni ubani maka. Wasomali nao wana wao, maydi, wa mti unaong'ang'ania majabali kaskazini mwa nchi yao. Ukiutia mdomoni kwanza unavunjika kama unga na una uchungu, wengi hutema hapo. Vumilia, usitafune kwa nguvu, utajikusanya wenyewe na kuwa laini. Haumezwi.

Manemane ni jambo jingine, ni chungu kama subili na rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu. Sisi tunapokea ya Somalia na ya kaskazini ya Kenya, Wajir na Mandera, ambako wachungaji huiokota kwenye nyufa za magome. Huko huko kuna ndugu yake, hagar, ambayo wafugaji huitumia kufukuza kupe kwenye mifugo. Kwa nyumbani, punje ndogo iliyolowekwa kwenye maji vuguvugu ni ya kusukutua kinywa chenye vidonda, kisha unatema. Mjamzito asiitumie, na hili nalisema kila mara hata mteja akinikunjia uso. Kidonda kikubwa peleka hospitali.

Nimeiacha sandarusi mwisho kwa sababu ndiyo yetu. Ubani unatoka ng'ambo, lakini msandarusi unaota hapa hapa pwani, kuanzia misitu ya Arabuko-Sokoke huko Kenya, ambako wengine huuita mtandarusi, mpaka Msumbiji na kuvuka hadi Bukini, yaani Madagaska. Mti mkubwa, na matunda yake yana vipele vipele ambavyo ukivikuna vinanata: hata tunda lina utomvu ndani. Wazee hawakuhitaji kuukata. Unadondosha wenyewe pale wadudu walipotoboa au tawi lilipovunjika.

Lakini utajiri ulikuwa chini ya ardhi. Karne ya 19 watu wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, walichimba sandarusi iliyozikwa mchangani mahali ambapo mti wenyewe ulishatoweka, ikaletwa Unguja, ikapakiwa merikebu kwenda hadi Salem, Marekani, ikatengenezwe vanishi. Ile iliyotoka mtini moja kwa moja, bichi, iliitwa chakazi na ikauzwa rahisi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa miaka ya 1850, aliandika kwamba wafanyabiashara wa kigeni walilikorofisha jina hilo likawa "jackass", yaani punda. Kila nikiiuza chakazi nacheka peke yangu.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. Tone la spiriti juu yake, subiri kidogo, bonyeza kwa kidole gumba. Ikinata ni bichi. Ya kuchimbwa haijali, na ukiisafisha udongo utaona ngozi yake ina vipele vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa. Na ukiuziwa ufukweni kipande chenye mdudu ndani, kitie kwenye maji yaliyokolezwa chumvi mpaka haiyeyuki tena. Sandarusi huelea, plastiki nyingi huzama. Ikielea, bado pasha sindano moto uiguse mahali pasipoonekana. Inukie utomvu, isinukie mfuko ulioungua. Na hata ikiwa ya kweli, usiamini hadithi ya mamilioni ya miaka. Sandarusi yetu ni changa mno kwa hilo.

Kuifukiza ni kama ubani, ila punje iwe ndogo zaidi, kama dengu, na jivu liwe jingi, kwa kuwa inashika moto upesi na moshi wake ni mzito. Mimi naichoma uani jioni.

Hifadhi vyote kwenye chupa ya kioo, kivulini. Ubani ukigandana kwa joto la Januari, uweke kwenye friza saa moja kisha uugonge, utaachana. Mikono ikinata usihangaike na maji. Paka mafuta ya nazi kwanza, sugua, halafu ndio sabuni.