Kabla hujalipia saa ya mkononi

Ukienda kuchagua saa kwenye masoko ya Kampala, Kikuubo au Owino, usiangalie upana wa uso peke yake. Saa mbili za milimita 40 zinaweza kukaa tofauti kabisa. Tazama ncha zinazoshika mkanda, juu na chini: zikichomoza nje ya kifundo cha mkono, saa itayumbayumba siku nzima. Ikiwa nene, itanasa kwenye mkono wa shati. Ivae, kisha kunja kiganja kwa nyuma kama umeshika usukani wa boda. Kitufe cha pembeni kikikuchoma, irudishe. Mkanda usiubane sana, joto la mchana huvimbisha mkono. Mimi napenda ndogo, milimita 36 hivi. Wewe ukipenda kubwa inayoonekana toka ng'ambo ya barabara, vaa tu, mradi haikuumizi.