Kabla Hujaleta Okidi Nyumbani

Ukifika mahali zinapouzwa, maua yasikupumbaze. Tazama mizizi kwanza. Okidi inayouzwa zaidi kwa ajili ya kuwekwa ndani ni Phalaenopsis, ile yenye maua mapana kama nondo aliyetandaza mbawa, na mara nyingi imepandwa kwenye chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Inua chungu hicho kwenye mwanga ukizungushe. Mizizi mizima ni minene na migumu ukiibonyeza. Ikiwa kavu ina rangi ya fedha, ikilowa inageuka kijani mbele ya macho yako. Iliyooza ni ya kahawia na imelegea, na ukiuvuta mmoja taratibu, ganda linavuka lote na kukuachia kijiuzi chembamba vidoleni. Mmea wa namna hiyo uache hata kama umebeba maua kumi.

Nasisitiza mizizi kwa sababu ndiko okidi nyingi zinakofia. Porini, Phalaenopsis haioti ardhini. Hujishikiza kwenye matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani, wala hainyonyi mti ule. Imepanda tu kutafuta mwanga. Mizizi yake imevikwa tabaka jeupe kama sponji, linaloitwa velameni, ambalo hudaka maji mvua inapopita kisha hukaushwa na upepo. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka: hayo ndiyo maisha yake. Ukiifukia kwenye udongo wa bustani, mizizi hiyo inakosa hewa na kuoza, majani yanalegea, nawe unadhani ni kiu unazidi kuimwagia maji.

Kwa hiyo andaa mapema vipande vya magome ya miti vilivyotengenezwa kwa ajili ya okidi, na chungu chenye matundu ya kutosha chini. Chungu kisiwe kikubwa. Kiienee mizizi tu, maana magome ya ziada hubaki na unyevu ambao hakuna mzizi wa kuunywa. Ukikuta mmea ulionunua umebanwa katikati ya mizizi na donge la kitu laini kinachoshika maji kama sponji, subiri maua yaishe, kisha litoe na upande upya kwenye magome. Baada ya hapo, kazi hiyo itajirudia kila mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa magome nayo huoza na kushikana.

Chagua dirisha kabla ya kuchagua mmea. Linalotazama mashariki ndilo ninalolipenda, kwa sababu jua la asubuhi ni pole. Kama dirisha lako linapigwa na jua la mchana, weka pazia jepesi. Majani yenyewe yatakuambia: yakiwa ya kijani kizito, mwanga ni mdogo na usitegemee maua, yakianza kuwa ya njano au kuingia wekundu, jua limezidi. Kisha fikiria joto la nyumba. Phalaenopsis hustawi katika nyuzi 18 hadi 29 za Selsiasi, yaani joto ambalo watu wengi wanalivumilia sebuleni, na usiku wenye ubaridi kidogo kwa wiki kadhaa huisukuma itoe shina la maua. Cymbidium, aina nyingine ya okidi, ni tofauti kabisa: inataka usiku wa baridi ya kweli ndipo ichanue. Nyumba yenye joto usiku na mchana itakupa majani matupu.

Kuhusu maji, usijiwekee siku maalumu. Watu husema mara moja kwa wiki, na mara nyingi inakuwa karibu na hapo, lakini siku za mawingu na siku za upepo mkavu hazifanani. Beba chungu mkononi mara tu baada ya kumwagilia ili mkono ukariri uzito wake; kikirudi kuwa chepesi na mizizi ikawa ya rangi ya fedha, mwagilia tena. Fanya hivyo asubuhi, maji yapite yote hadi chini, uache chungu kichuruzike kabla ya kukirudisha kwenye chombo cha pambo. Chombo hicho kisibaki na maji. Maji yakituama katikati, pale majani yanapokutania, yafyonze kwa kitambaa. Pakioza pale, Phalaenopsis haina ncha nyingine ya kukulia.

Mbolea ni kidogo, iliyochanganywa nyepesi kuliko maelekezo ya kwenye chupa, na itiwe mizizi ikiwa imeshalowa. Bakuli la matunda yanayoiva likae mbali, kwani hewa ya ethilini inayotoka humo huangusha vitumba kabla havijafunguka.

Ulizia pia mmea umetoka wapi. Okidi za porini huchimbwa na kubanduliwa mitini kiasi cha kutoweka, na biashara ya kimataifa ya jamii yote ya okidi inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulioanza kutumika mwaka 1975. Nunua iliyooteshwa kitaluni. Nayo ni imara zaidi, imeshazoea chungu.

Halafu jiulize kwa dhati kama utaupenda mmea huu ukiwa hauna ua hata moja. Phalaenopsis inaweza kuchanua miezi miwili au mitatu, kisha ikapumzika miezi mingi, imebaki majani manne au matano tu. Hapo ndipo wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe inakusanya nguvu.

Ukishaifikisha nyumbani, itenge na mimea mingine kwa wiki mbili hivi. Geuza kila jani utazame upande wa chini na kwenye makwapa yake. Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba iliyochambuliwa, vifute kwa pamba yenye spiriti, urudie tena baada ya siku chache, kwa sababu mayai huwa yamejificha.