Dizeli ya Mafuta ya Chipsi

Hapa Busia, upande wa Uganda, mafuta ya kupikia hayamwagwi. Mwenye chipsi akiyachoka humuuzia wa mandazi, naye humuuzia wa samaki. Yakinifikia gereji yameshakuwa meusi na yamechacha. Basi nunua kwa yule wa kwanza, hata akikuzidishia bei.

Yachuje kwa kitambaa, yapashe moto hadi mapovu na mlio viishe. Maji yakibaki humo utapata sabuni, si dizeli.

Sasa pima uchachu, na hapa usifanye haraka. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji ya betri (maji, si asidi). Pembeni changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia chembe ya manjano ya pilau. Kwa sindano ya duka la dawa, dondoshea yale maji ya kostiki mpaka rangi iwe nyekundu na ibaki hivyo. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya kuongeza juu ya gramu 5 za kila lita ya mafuta. Ukitumia 3, lita 20 zitataka gramu 160. Zikipita 5, mimi huwaachia wapika sabuni.

Kwa lita 20 hizo tia lita 4 za methanoli, alkoholi isiyonyweka. Kostiki iyeyushie ndani ya methanoli, kwenye jerikeni ya plastiki ngumu. Sufuria ya alumini italiwa. Fanyia nje, vaa glavu na miwani. Moto wa methanoli mchana hauonekani, na mvuke wake ni sumu. Mwaka 2010 kule Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wengi walikufa kwa waragi (pombe kali ya huku) iliyotiwa methanoli, kwa hiyo jerikeni yake ifungie kwa kufuli.

Mafuta yakifika nyuzi 55, zima jiko, mimina mchanganyiko, koroga saa nzima. Asubuhi gliserini nyeusi itakuwa imetuama chini, itoe. Dizeli ioshe taratibu kwa maji ya mvua hadi maji yatoke maangavu, kisha ikaushe. Kuijaribu, tia mililita 3 katika 27 za methanoli: ikiyeyuka yote imeiva, ikiacha mafuta chini irudie.

Vijana wa bodaboda huniuliza kila siku. Hapana, pikipiki yako ni ya petroli.

Kwenye pikapu ya zamani anza na lita 1 kwa 4 za dizeli ya kituo. Beba chujio la akiba, maana hii husafisha uchafu wote wa tangi na kuupeleka mbele, na mipira ya zamani ya mafuta huilainisha. Mafuta mengi ya hapa ni ya mawese, na dizeli yake huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi. Ukienda Kabale kwenye baridi, jaza dizeli ya kituo peke yake kabla hujapanda milima.